Alama 9 kati ya 21

Karatasi ya matokeo ilifika Mombasa katikati ya Desemba 1986, ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa njiani. Mtihani nilikuwa nimeufanya miezi miwili nyuma: gredi ya 6 ya piano, mbele ya mtahini kutoka Uingereza, mzee mwembamba aliyefunga tai katika joto la saa nane mchana na asitoke jasho. Nilikuwa na miaka 14. Baba, karani wa bandari ya Kilindini, aliichana bahasha kwa kisu cha mkate, akasoma jumla kwa sauti ya mtu anayehesabu shehena: 123 kati ya 150. Kupita ni 100. Kupita kwa sifa ni 120. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani wa chini akatoka kuuliza nani kaposwa.

Jioni nikaibeba karatasi hadi kwa mwalimu wangu wa piano, nikitaraji pongezi. Akavaa miwani. Kidole chake kikapita juu ya vipande vitatu nilivyokuwa nimevipika kwa mwaka mzima: 27, 28, 27. Kikapita kwenye skeli, 17. Kikapita kwenye zoezi la sikio, 15. Kisha kikarudi juu, kikatua kwenye mstari mmoja, kikakaa. Kusoma noti ngeni na kuzipiga papo hapo: 9 kati ya 21.

"Mstari huu, binti," akasema, "ndio utakaokulisha. Au utakulaza njaa."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: vipande vitatu vina alama 90, noti ngeni zina 21, mwenye akili ataweka nguvu wapi? Bodi iliyotunga mtihani ule ilianzishwa London mwaka 1889. Kama waliotahini watoto kwa karibu karne nzima waliona jambo hili ni la alama 21, mzee wa Mombasa alikuwa nani hata alione kubwa?

Mwalimu alikuwa Mgoa mzaliwa wa Mombasa. Pwani ya enzi hizo ilikuwa na wanamuziki wengi wa asili hiyo, watu ambao wazee wao walifundishwa noti katika shule za parokia kule Goa, chini ya Wareno, wakavuka bahari na ujuzi huo kama seremala anavyovuka na kisanduku chake cha vifaa. Ujanani alipiga kwenye bendi za dansi Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi akawa kwenye kinanda cha kanisa, wakati mwingine na shati lile lile. Aliishi ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, pamoja na dada yake mjane na piano ya kusimama iliyokuwa imekula chumvi kuliko sisi sote.

Na chumvi yenyewe haikuwa ya mafumbo. Piano Mombasa ni mgonjwa wa kudumu. Masika yakiingia mbao huvimba. Ukibonyeza kibao kinashuka, kisha kinagoma kupanda. Hewa ya bahari hula nyuzi, nondo hula sufu ya nyundo zinazozigonga. Mwalimu alikuwa amefunga balbu ya wati 25 ndani ya tumbo la piano, nyuma ya ubao wa miguuni, ikiwaka usiku na mchana kufukuza unyevu. Ukiingia chumbani jioni kabla taa hazijawashwa, uliona mstari mwembamba wa mwanga wa manjano karibu na pedali, kana kwamba ndani mna mtu anasoma.

Baada ya ile Desemba alivuta sanduku la bati kutoka mvunguni. Lilijaa karatasi za noti: nyimbo za ibada, walzi, tango, vipande vya opera, muziki wa filamu za zamani, nusu yake zimekatika kurasa. Sheria ikawa moja. Kila somo linaanza na ukurasa nisioujua, na ukurasa uliopigwa leo haupigwi tena kesho. Alikuwa na kipande cha kadibodi alichokikata kutoka boksi la viatu. Nikianza kupiga, alikilaza juu ya noti zile zile ninazozipiga, akawa anakisogeza kulia polepole, akizifunika kabla vidole vyangu havijamaliza nazo. Macho yakalazimika kukimbia mbele. Nikikosea nikataka kurudi kusahihisha, hapakuwa na pa kurudi. Nyuma kulikuwa na kadibodi tupu.

"Usirudi," alikuwa akisema. "Watu wako uwanjani wanacheza. Ukisimama wewe, wao wanakanyagana."

Nilikichukia kile kipande cha kadibodi kuliko kitu chochote katika mji wa Mombasa.

*

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, wakanyamaza kuhusu umbo la kumkunjia. Mwaka 1991 nilipata ufadhili wa kwenda chuo cha muziki nchini Uingereza, na huko nikawakuta vijana waliokunjwa vizuri ajabu, wote kwa umbo moja.

Vyumba vya mazoezi vilikuwa chini ya ardhi, vidogo kama stoo, vimepangana pande mbili za ujia mrefu. Saa moja asubuhi tayari palikuwa na foleni. Ukipita ujiani ungeweza kusikia baladi ya kwanza ya Chopin mara nne kwa pamoja, kila moja imefika mahali pake: huyu anaanza, yule amekwama katikati, wa tatu anarudia mistari miwili ya mwisho kwa mara ya hamsini. Saa sita kwa siku zilikuwa za kawaida. Walioshinda humo saa nane walitazamwa kama watu wa dini.

Na dini hiyo ilikuwa na silsila yake. Sisi wa Pwani tunalijua jambo hili: elimu ina mnyororo, fulani kaipokea kwa fulani. Wenzangu walizitaja nasaba zao za piano kama watu wanaohesabu mababu. Beethoven alimfundisha Czerny. Czerny akamfundisha Leschetizky. Leschetizky akamfundisha Schnabel. Schnabel akamfundisha Mmarekani Leon Fleisher. Kati ya Beethoven na mtu aliyefariki mwaka 2020 kuna mikono mitatu tu. Mnyororo wa namna hiyo unafungua milango. Mwalimu mwenye jina huandika barua, barua hufikisha kwenye shindano, shindano hufikisha kwa wakala wa maonyesho. Nilipoulizwa silsila yangu nilisema: mzee mmoja wa Mombasa, na nyuma yake parokia. Wakacheka kwa adabu.

Kipimo cha kila kitu pale chuoni kilikuwa onyesho la peke yako, bila karatasi mbele yako. Nilidhani muziki umekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake, hadi niliposoma kwamba desturi yenyewe ni ya juzi tu. Ni Liszt aliyezoesha watu kulipia kumsikiliza mpiga piano mmoja, na jina la maonyesho ya namna hiyo lilianza kutumika kwenye matangazo yake ya London mwaka 1840. Ni Clara Wieck, baadaye Clara Schumann, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga mbele ya watu kwa kichwa, wakati ambapo wengine waliona ni majivuno. Lakini tazama alivyofundishwa Clara. Baba yake hakumfungia kwenye vidole peke yake; alimsomesha utunzi, uimbaji, fidla na nadharia. Mumewe alipofariki mwaka 1856, akamwachia watoto saba, mwanamke yule aliwalea kwa kuzunguka Ulaya akifanya maonyesho, kwa kufundisha, kwa kupiga pamoja na wengine, kwa kuhariri kazi za mumewe. Warithi wa desturi yake tulichukua kile kipande cha kupiga bila karatasi, mengine tukayaacha njiani.

Baada ya miaka minne nilihitimu nikiwa na muziki wa saa moja na nusu kichwani. Niliuhesabu. Saa moja na nusu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, ambayo ningeweza kuipiga nikiwa na homa. Nje ya hapo, kama nisingekuwa na lile sanduku la bati, nisingekuwa na kitu.

*

Ilikuwa Februari ya mwaka wangu wa pili, baridi ya kuuma mifupa, mlango wa chumba cha mazoezi ulipogongwa. Mwimbaji mmoja wa sauti ya juu, machozi yako karibu. Mpiga piano wake kaugua mafua, darasa lake linaanza baada ya dakika kumi. Alikuwa ameshagonga milango mitano. Wote waliomfungulia walikuwa wapigaji wazuri kuliko mimi, na wote walimwambia jambo moja: ungeniletea noti wiki iliyopita.

Akaniwekea karatasi. Ulikuwa wimbo wa Schubert wa mwaka 1814, wa msichana anayesokota uzi huku akimwaza mpenzi wake. Mkono wa kulia wa piano ndio gurudumu; unazunguka na kuzunguka, na anapolikumbuka busu gurudumu linasimama, kisha linaanza tena kwa kusitasita. Sikuwa nimewahi kuuona. Tulikimbia ngazi, tukaingia, nikakaa, nikazitazama kurasa kwa muda wa pumzi tatu. Halafu nikapiga. Mkono wa kushoto nilikosea mara nyingi, sikurudi hata mara moja. Gurudumu lilisimama pale tu Schubert alipotaka lisimame.

Toka siku ile mlango wangu haukupumzika. Waimbaji, wapiga fidla, mtu wa tarumbeta. Walikuja na karatasi, na wengine walikuja na pauni tano. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nalipa kodi ya chumba kwa kusoma noti ngeni, huku ile baladi ya Chopin niliyoililia haijaniletea hata nauli ya basi.

Lakini jina la kazi hiyo liliniuma. Msindikizaji. Kwa lugha ya wapenzi wa soka, msindikizaji ni timu iliyokuja kujaza idadi huku wenyewe wakigombea kombe. Chuoni nako hali ilikuwa hiyo hiyo: aliyeshindwa kuwa mpiga wa peke yake ndiye aliyekwenda kuwasindikiza wengine. Aliyenitoa aibu ni mtu ambaye sikuwahi kukutana naye, Gerald Moore, Mwingereza aliyeishi maisha yake yote kwenye kiti hicho cha pembeni na kukifanya kiwe cha heshima. Kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1962 alikipa jina la swali ambalo kila msindikizaji hujiuliza: je, napiga kwa nguvu mno? Nililisoma jina lile kwenye rafu ya maktaba nikacheka peke yangu. Miaka yote ile chini ya ardhi tulikuwa tumefundishwa kuuliza kama sisi tunasikika. Hakuna aliyetufundisha kuuliza kama mwenzetu anasikika.

Nikaanza kuwachunguza wakubwa kwa jicho jipya, nikitafuta walikopitia kabla ya majina yao kuandikwa kwa herufi kubwa. Sviatoslav Richter, aliyezaliwa Zhytomyr mwaka 1915 na kukulia Odessa, hakupita kwenye tanuri la watoto wa ajabu. Baba yake alikuwa mpiga piano na ogani, lakini mtoto alijifunza zaidi peke yake, kwa kufungua vitabu vya opera na kuvipiga tangu mwanzo hadi mwisho. Akiwa kijana aliwapigia piano waimbaji wa Opera ya Odessa kwenye mazoezi, kazi ya usindikizaji hasa. Alikuwa na miaka 22 alipokwenda Moscow mwaka 1937 kuomba kusoma kwa Heinrich Neuhaus, umri ambao wenzake walishamaliza. Neuhaus alimpokea. Baadaye dunia ikastaajabia wingi wa kazi alizozijua, kana kwamba alikuwa na kumbukumbu ya kichawi. Mimi nikisikia hivyo naiona ile Odessa: kijana aliyelishwa kwa sanduku la bati, ila lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Na katika miaka yake ya mwisho, mzee huyo aliyeweza kukariri chochote alikuwa akipiga ukumbi ukiwa gizani, karatasi ya noti mbele yake, na taa ndogo tu ikiimulika. Mara ya kwanza kuona picha yake ya namna hiyo niliikumbuka balbu ya wati 25.

Leon Fleisher, yule wa mwisho kwenye ule mnyororo, ananifundisha upande mwingine. Alianza kwa Schnabel akiwa na miaka 9. Mwaka 1952 alishinda shindano la Malkia Elisabeth huko Brussels, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1964, akiwa kileleni, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe. Madaktari waliuita ugonjwa huo distonia. Yeye alilaumu pia saa nyingi za mazoezi ya kutumia nguvu. Mkono wa kulia ulimkalia kando kwa zaidi ya miaka thelathini. Angeweza kufa kisanii hapo. Lakini kile alichopewa na Schnabel hakikuwa kimewekwa vidoleni peke yake, kilikuwa masikioni. Akapiga kazi za mkono wa kushoto, pamoja na ile konseto ambayo Ravel alimwandikia Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Akaongoza orkestra. Akafundisha Baltimore kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2004 akatoa albamu ya mikono miwili.

Chuoni kwetu nilimwona kijana mmoja, mpigaji bora kuliko wote wa mwaka wetu, akitoka kwenye chumba chake cha mazoezi ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndege aliyejeruhiwa. Hakurudi muhula uliofuata. Hakuwa amefundishwa kitu kingine cha kufanya na muziki.

*

Niliporudi Kenya mwaka 1996 nilishukia Nairobi na cheti kilichoviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Kazi ya kwanza niliyoitiwa ilikuwa kuipigia kwaya moja iliyokuwa ikijiandaa kwa tamasha la muziki. Waimbaji arobaini, wengi walimu wa shule, wamekuja moja kwa moja kutoka kazini. Kiongozi wao akanikabidhi nakala ya nakala ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akatangaza, "Doh ni G," akainua mikono.

Karatasi haikuwa na mistari mitano wala vichwa vya noti. Ilikuwa herufi tupu: d, r, m, s, zimetenganishwa kwa nukta pacha, safu nne kwa sauti nne. Solfa. Waimbaji arobaini wakaanza kuisoma kama gazeti. Mimi, niliyesoma kuliko wote mle ndani, nilikaa mbele ya piano mikono imelala mapajani. Papo hapo nikawa mjinga asiyejua kusoma.

Jambo la aibu zaidi ni kwamba herufi zile nilikuwa nimekua nazo. Mama yangu ni mzaliwa wa Rabai, mahali ambapo wamisionari walijenga kituo mwaka 1846, na kwao kwaya ilikuwa solfa tangu enzi za bibi yake. Mfumo wenyewe ulienezwa Uingereza katika karne ya 19 na kasisi John Curwen, aliyejengea juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Wamisionari waliupenda kwa sababu ulikuwa rahisi: herufi za kawaida za mtambo wa chapa zilitosha, na hukuhitaji kununua chombo. Utotoni nilimwona Mama na vijikaratasi vyake nikaamini ni muziki wa wasio na piano. Hakuna aliyenikataza kujifunza. Mafunzo yangu yalikuwa yamenionyesha muziki uko wapi, na kwa kufanya hivyo yakanionyesha pia wapi nisitazame.

Ijumaa ile nikapanda basi la usiku kwenda Mombasa. Asubuhi nilimkuta Mama uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwekea karatasi sakafuni, akaigandamiza kwa kifuu isipeperuke, na bila kuacha kukuna akaimba sauti ya pili yote tangu mwanzo mpaka mwisho, mkono ukienda na mwendo wa wimbo. Kisha akaniangalia.

"Sasa mwanangu, huko Ulaya walikuwa wanawafundisha nini?"

Nilijifunza solfa kwa wiki tatu, mwalimu wangu akiwa na unga wa nazi viganjani. Na nilipoanza kupiga kwenye ibada nikagundua pengo la pili, maana mwimbaji wa kanisani huanzisha wimbo popote sauti yake ilipoamkia, na ni kazi ya mpiga kinanda kumfuata huko huko. Hilo alinifundisha kijana wa miaka 19 ambaye hakuwahi kusoma noti hata moja. Alisikia mstari mmoja tu na mikono yake ikawa imeshafika. Tukabadilishana: Jumanne mimi namfundisha kusoma, Alhamisi yeye ananifundisha kusikia. Leo ana studio yake ya kurekodi, na mikataba anaisoma vizuri kama noti.

Katika miaka ile nilimwaza sana Nina Simone. Alizaliwa Eunice Waymon, mwaka 1933, katika mji mdogo wa Tryon, North Carolina, akalelewa kwa Bach na mwalimu wa piano ambaye ni Mwingereza. Alikusudia kuwa mpiga piano wa klasiki. Mwaka 1950 alisoma Juilliard, New York, majira ya joto, akijiandaa kwa mtihani wa kuingia Taasisi ya Curtis kule Philadelphia. Mwaka 1951 Curtis ikamkataa, na maisha yake yote aliamini sababu ilikuwa rangi ya ngozi yake. Akafundisha watoto, akawapigia piano wanafunzi wa uimbaji. Mwaka 1954 akapata kazi kwenye baa ya Atlantic City, na mwenye baa akamwambia kwamba kazi ni ya mtu anayepiga na kuimba. Akaimba. Akabadilisha jina ili mama yake, mhubiri wa Kimethodisti, asijue. Ukisikiliza alivyorekodi "Love Me or Leave Me" mwishoni mwa miaka ya 1950, katikati ya wimbo wa starehe mikono miwili inaanza kufukuzana kwa mtindo wa Bach, bila kuomba ruhusa. Mwaka 2003, siku chache kabla hajafariki, Curtis ikampa shahada ya heshima.

Watu huisimulia habari hii kama kisa cha mlango uliofungwa, na ni kweli ulifungwa, na kwa dhuluma. Mimi huitazama pia ile mikono. Elimu aliyopewa ilikuwa imemkusudia ukumbi mmoja, ikakutwa inafaa kwenye mwingine ambao hakuna mwalimu wake aliyewahi kuufikiria. Ilifaa kwa sababu alikuwa tayari kuifungua upya mbele ya walevi.

*

Sasa ni zamu yangu kukunja samaki wa watu. Nafundisha watoto Nairobi, wengi kwa ajili ya mitihani ile ile niliyoifanya, na somo langu la dakika 45 huanza na ukurasa mgeni. Kisha mtoto anapiga kwa kusikia, wimbo wowote aliousikia wiki hiyo, hata wa tangazo la redio. Kisha anampigia mwenzake anayeimba. Kipande cha mtihani huja mwisho, tukiwa tumechoka kidogo.

Mwaka juzi mzazi mmoja alinisubiri nje ya mlango.

"Mwalimu, samahani, sitaki kukufundisha kazi. Lakini mtihani ni Novemba, na mtoto nyumbani anapiga nyimbo za matangazo. Hivyo vina alama?"

"Vingine vina chache, Baba. Vingine havina kabisa."

"Basi kwa nini?"

Nilitaka kumweleza habari za Odessa na Baltimore na Atlantic City. Nikamwonyesha shajara yangu ya mwezi ule. Arusi mbili, mazoezi ya kwaya mara nane, hoteli kila Ijumaa, waimbaji watatu wa tamasha, mazishi moja. Akaigeuza kurasa polepole. Onyesho la peke yangu, bila karatasi, lilikuwa moja, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka uliofuata. Sikumwambia kwamba lile moja ndilo ninalolipenda kuliko yote, na kwamba miaka ya chini ya ardhi ndiyo iliyonipa mikono ya kulifanya. Hilo nalo ni kweli, na siku mtoto wake atakapokuwa mkubwa nitamwambia yeye mwenyewe.

Mwalimu wangu nilimtembelea mara ya mwisho mwaka 1999. Macho yalikuwa yameshaondoka. Alinitambua kwa hatua zangu ngazini. Balbu ilikuwa ingali ikiwaka ndani ya piano, ingawa yeye hakuweza tena kuuona ule mstari wa mwanga. Nilikuwa nimejiandaa kumpigia Chopin, ile baladi. Akatikisa kichwa, akamwomba dada yake alivute sanduku la bati, akaingiza mkono na kutoa karatasi ya juu juu. Walzi, jina la mtunzi limeliwa na mende. Akaja akasimama begani kwangu, na mkononi alikuwa na kile kipande cha kadibodi, kingo zake zimelainika kama kitambaa.

Nikaanza. Kadibodi ikaanza kusogea. Hakuwa anaona hata mstari mmoja wa karatasi ile. Alikuwa akisikiliza nilipofika na kufunika nilipotoka, na mkono wake haukupotea. Kwenye mstari wa tatu nilikosea noti mbili, mwili wangu ukataka kurudi. Kadibodi haikusimama.